Tarumbeta Iliyobisha Hodi

Palma, Jumapili asubuhi, mwezi wa nane. Upepo wa kusi umepungua kidogo na jua limeenea ua mzima. Nina usingizi, nina furaha, na kisigino cha kulia kimechubuliwa na viatu vya kuazima.

Shajara yangu, leo univumilie. Nitaandika na kunyanyuka, kunyanyuka na kuandika, kwa sababu Mama amenipa kazi ya kulinda kitu nilichokianika hapa uani. Nitafika kwenye hicho kitu. Kwanza nianze na jana.

Jana nilisikiliza okestra.

Nimeiandika peke yake ili niiamini. Mimi, Zainabo, mwalimu wa darasa la tatu, ambaye ala kubwa niliyowahi kuiona kwa karibu ni kinanda cha betri cha maharusini, nilikaa kitini nikatazama watu wa kujaza darasa langu zima wakivuta pumzi kwa pamoja. Na mbele yao, amesimama na tarumbeta mkononi, mdogo wangu Momade. Makubwa! Huyu niliyemfuta kamasi.

Tangu gesi ionekane huko baharini tumeona mengi. Helikopta zinapita mpaka kuku hawakimbii tena. Chumba cha uani kisichokuwa na dirisha kinapangishwa kwa mtu mwenye kofia ngumu. Watu wa rasi ya ng'ambo wanaambiwa watahamishwa, wiki ijayo wanaambiwa bado, wiki nyingine wanakuja vijana kuwahesabia minazi. Kwa hiyo watu wa gesi wakitupa zawadi, sisi kwanza tunaipindua tuitazame chini kama kuna tundu.

Basi walipotangaza kwamba wataleta okestra kutoka Maputo, ipige muziki bure kwa wananchi, tulicheka. Bi Fatima, jirani yetu, aliuliza kama okestra inachemshwa au inakaangwa. Kisha likaja jina la mpiga tarumbeta mkuu. Hapo mimi nikaacha kucheka.

Momade alitoka hapa kwenda Nampula kusoma, akaingia bendi ya jeshi, na jeshi likamfundisha tarumbeta. Kutoka huko akaenda chuo cha muziki Maputo, na sasa ndiye anayesimama mbele. Lakini hapa nyumbani hakuna aliyewahi kumsikia akipiga. Kila akija likizo huja mikono mitupu. Chombo ni cha okestra, anasema, hakipewi likizo.

Mama hajawahi kumsikia. Hata mara moja.

Na Mama yuko edani.

Baba alitutoka baada ya masika. Tangu siku ile Mama hatoki, hajitii wanja, hajifukizi udi, anakaa chumbani na kanga yake nyeupe na tasbihi yake, na eda bado ina mwezi na ushei. Hilo silo linaloniuma, eda ni eda na kila mjane ameipita. Linaloniuma ni tari.

Mama ndiye mwimbishaji wa tufo la bairro letu, mtaa wetu huu. Tufo ni ngoma yetu ya wanawake, ya matari na kuimba, mnacheza kwa mabega mmepiga magoti, nyuso zimepakwa msiro mweupe. Yeye huita, wenziwe huitikia, na Bi Fatima ndiye kiongozi wa kuitikia. Siku aliyoingia edani Mama alimwita Bi Fatima akampa tari lake. Akamwambia, "Lichukue. Mwenye kulipasha moto amekwenda."

Maana Baba, seremala yule mkimya, ndiye aliyekuwa akilikaza ngozi kila kabla ya harusi. Akilianika mchana juani, jioni akalisogeza kwenye moto wa makumbi, huku akiligonga kwa kidole kimoja, sikio limeinama, mpaka liitike. Sikumwona akicheza hata siku moja, lakini tari lile lilikuwa lake nusu.

Bi Fatima alilichukua. Baadaye akaninong'oneza kwamba amelitia chini ya kitanda, amelihifadhi tu, hajalichukua. Nami sikumwambia Mama. Lakini nyumba iliyozoea sauti ya Mama tangu nizaliwe ikawa kimya, hata kupika anapika kimya, na mimi nikaanza kuogopa kwamba eda itaisha na kimya kibaki.

Ndiyo maana niliitaka okestra hii kwa roho yote. Si kwa ajili yangu. Nilitaka Mama amsikie mwanawe, basi.

Na mambo yalianza vizuri. Mahali palipotangazwa ni uwanja wa mpira, na uwanja wa mpira uko nyuma ya nyumba yetu. Mtu akipiga chafya golini sisi tunamwombea rehema. Mama asingehitaji kutoka hata hatua moja. Jumatano akaniambia nimhamishie mkeka kwenye dirisha la nyuma.

"Huku kuna upepo," alisema, bila kunitazama.

Upepo! Na kusi lote hili la Agosti linapiga mbele ya nyumba. Niliuhamisha mkeka nikicheka peke yangu. Tangu msiba hakuwahi kuniomba kitu chochote.

Alhamisi wakahamisha onyesho.

Hema jeupe likasimikwa kule juu, kando ya barabara ya Quionga, ng'ambo ya bonde la mpunga, lina mlango na mlinzi na viti vya kitambaa. Nilikwenda mwenyewe kuuliza. Nilivaa uso wangu wa kushika chaki. Kijana mwenye kitambulisho shingoni akanieleza kwa adabu kwamba vumbi la uwanja litaharibu fidla, na kwamba kuna wakubwa wanakuja. Sasa hata kuingia ni kwa convite, kadi ya mwaliko. Nilimwambia walitangaza wananchi. Akasema, "Professora, wananchi ni wengi." Kisha akanipa convite moja, akidhani nalalamika kwa kukosa kiti.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema haidhuru, Mungu hakupanga. Hakuniambia nirudishe mkeka. Ulibaki pale dirishani siku nzima ya Ijumaa na mimi nikawa nauzunguka kama mtu anayeogopa kukanyaga paka.

Jumamosi asubuhi Momade akaja. Walikuwa wameletwa na ndege ndogo na kurudi ni alfajiri ya leo, basi alikuwa na saa chache tu. Alimbusu Mama mikono, wakakaa wakilia kidogo kwa ajili ya Baba, kisha Mama akamshika kidevu akamtazama midomo. Ina alama ya duara katikati, kama pete iliyokaa kwenye nyama.

"Nani amekuuma?" Mama akauliza.

Tulicheka sote watatu. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha Mama tangu msiba.

Nami nikajitia ujanja. Nikasema, kwa nini asipige hapa hapa uani, kidogo tu, aweke kitambaa ndani ya tarumbeta isipae sana? Mama akaukunja uso. "Nyumba ya eda haipigwi tarumbeta," alisema. "Watu watasema nini? Waache watu, mimi mwenyewe nitasema nini?"

Momade hakubishana. Alitoka nje, akasimama ukutani pale penye kisima cha barabarani, akatazama minazi. Akaniuliza, "Dada, jioni upepo unatoka wapi?" Nikamjibu kwa hasira yangu ya siku mbili kwamba ni kusi, miezi hii kuna upepo gani mwingine, unatoka kwetu unakwenda huko huko hemani, na kama ungekuwa unarudi labda Mama angepata angalau makombo. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama binamu yetu Saíde, yule anayeleta mihogo kutoka Mute, bado ana pikipiki. Nilidhani anataka kwenda kumzuru Baba makaburini.

Nilimwambia Mama sitakwenda, nitakaa naye. Nilimaanisha. Akanikaripia.

"Nenda ukawe masikio yangu. Ukirudi unihadithie moja moja. Usiruke."

Basi nilikwenda, na viatu vya kuazima, baada ya sala ya alasiri. Nilikwenda na uso umekunjwa, nimejiandaa kutopenda chochote. Shajara, nakiri: ule uso haukufika mbali.

Walianza kwa kupatanisha ala zao. Mtu mmoja akatoa sauti ndefu, nyembamba, na wengine wote wakaifuata mpaka ikawa moja. Hawakuwa wameanza hata kupiga, nami nywele za mikono zilikuwa zimesimama. Kisha akaingia maestro, mtu mfupi wa Inhambane mwenye miwani, na koti lenye mkia. Akainua kijiti. Akakishusha.

Lo!

Sina maneno ya muziki. Najua tu kwamba zile fidla kubwa, zinazokaliwa kama mtu anamkumbatia mtoto mnene, zilinipita chini ya kiti. Niliisikia sauti miguuni kabla haijafika masikioni. Nilidhani nitasinzia. Hakuna mtu aliyesinzia, hata wale wakubwa wa mstari wa mbele ambao kusinzia ndiyo kazi yao.

Kisha zamu ya Momade. Alipiga kipande kirefu, yeye peke yake mbele na okestra nyuma yake. Mwanzoni kwa kasi, vidole vinaruka kama vya mwanamke anayepeta mchele. Katikati ikawa polepole, na hapo nikamsahau mdogo wangu kabisa. Nilisikia tu mtu anayesema ukweli na hana haraka. Tarumbeta niliijua ya askari, ya kuamsha watu na kuteremsha bendera. Sikujua kwamba inaweza kubembeleza.

Pale muziki uliposimama kidogo tukapiga makofi. Kumbe siyo mahali pake, bado kipande hakijaisha! Maestro akageuka, akatabasamu, akangoja tumalize. Lakini mke wa mwenyekiti wa bairro, mama mtu mzima wa kimji hasa, hakungoja ruhusa ya mtu. Zamu iliporudi kwa Momade yeye alinyanyuka, akajivua leso yake ya begani, akaenda taratibu mpaka mbele, akaitandaza mabegani mwa Momade naye anapiga vilevile. Ndivyo tunavyofanya ngomani, mchezaji akikukuna humwachi hivi hivi. Mlinzi alitaka kumzuia, akakosa pa kumshika. Momade hakukosea hata sauti moja. Alipiga mpaka mwisho na leso nyekundu juu ya koti jeusi, na mimi nikasema kwa sauti, mcheza kwao hutuzwa, na mgeni aliyekaa karibu nami akaniomba nimtafsirie.

Baada ya hapo zikaja ngoma. Hivyo ndivyo maestro alivyosema, kwamba nusu ya pili yote imetoka kwenye ngoma za watu. Ilianza dansi ya Ulaya, ile ya kuzunguka, moja kubwa na mbili ndogo. Ikaja marrabenta ya Maputo, na hapo viti vya kitambaa vikaanza kulia, kwa sababu hakuna nyonga inayotulia kwenye marrabenta. Mzee mmoja wa serikali alikuwa anacheza kwa nyusi tu.

Mwisho kabisa, ngoma yetu.

Maestro alieleza kwamba kipande hiki kilitungwa na mwenzao mmoja wa Maputo, lakini wimbo wenyewe aliupata kwa Momade, naye Momade aliupata kwa mama yake. Nilishika viti viwili kwa mikono miwili. Ulikuwa ule wimbo wa kuingilia harusini, kikundi kinapofika mlangoni. Mwimbishaji huita, Hodi, hodi, wenye mji. Wenziwe huitikia, Karibu, mji ni wenu. Maestro akasema tarumbeta itaita kutoka nje, kama mgeni anayekuja kwa mbali, na fidla ndani zitaitikia. Akaomba jenereta izimwe, kwa sababu kuna mahali sauti ni ndogo sana. Jenereta ikazimwa, na ubaridi wa mashine nao ukazimika. Joto likapanda mara moja, wakafungua mapazia ya hema upande wa kusi ili upepo uingie.

Momade akatoka nje na tarumbeta yake na leso yake mabegani.

Mwito wa kwanza ulitoka nyuma ya hema, penye tangi la maji, kama walivyopanga. Hodi, hodi, wenye mji. Fidla zikaitikia. Kisha ngoma zikashika, zile za shaba na ndogo, zikapiga mdundo wa matari, kwa urefu wa kutosha. Nilikuwa nalia tayari. Wimbo wa Mama umevaa suti! Na yeye yuko wapi, kule ng'ambo ya bonde, kwenye mkeka wake dirishani, hasikii kitu. Katikati ya furaha yangu nilisikia pikipiki inaondoka nje, nikamlaani moyoni huyo asiye na adabu.

Ngoma zikashuka. Fidla zikabaki na sauti moja nyembamba, inangoja. Maestro akainua mkono kuelekea nje, kwa ajili ya mwito wa pili.

Kimya.

Mkono ukabaki juu. Mwenye fidla ya kwanza akatazama mlangoni. Kijana mwenye kitambulisho akachungulia nyuma ya hema, akarudi amepauka. Mtu mmoja mbele akakohoa. Niliwaza ameanguka, niliwaza midomo imepasuka, nikasema moyoni, Momade mdogo wangu, usituaibishe mbele ya watu hawa.

Ndipo ikaja. Kutoka mbali, ikiletwa na kusi, imepita juu ya bonde lote la mpunga, ndogo lakini safi, hakuna sauti iliyopotea.

Hodi, hodi, wenye mji.

Nilijua mahali. Mtu huijua njia ya kwao hata kwa sikio. Ilitoka kwenye kisima cha barabarani, nje ya ukuta wetu. Hakuwa ndani ya nyumba ya eda. Alikuwa barabarani, na barabara ni ya watu wote.

Wenye fidla wakainua fimbo zao kuitikia. Maestro akawazuia kwa kiganja, kwa sababu alikuwa amesikia kitu, na punde sote tukakisikia. Sauti za wanawake. Mbali, nyembamba mbele na pana nyuma. Karibu, mji ni wenu.

Wakubwa wakaanza kupekua karatasi za programu wakiitafuta kwaya.

Kwaya! Ile ilikuwa sauti ya Bi Fatima, ningeijua hata chini ya maji. Na nyuma yake wote waliokosa convite, kila mmoja kutoka uani kwake, kutoka jikoni kwake. Wananchi ni wengi, naam. Hakuna aliyewaambia waitikie. Walisikia mtu anabisha hodi wakaitika. Nililia kwa sauti, Shajara, sikujificha, na yule mgeni wa karibu yangu akanipa kitambaa naye akijifuta kwa mkono wa shati.

Na maestro yule, Mungu amweke. Angeweza kukasirika. Mwito wa tatu ulipokuja kutoka kule kule, aliwangoja kwanza wanawake waanze kuitikia, ndipo akawashushia fidla chini yao, taratibu sana, kama mtu anayetandika shuka bila kumwamsha aliyelala. Watu wa hemani na watu wa jikoni wakaitikia pamoja, na upepo katikati yao.

Ngoma zikashika tena. Zikapiga, zikarudia, zikarudia tena, na mpiga ngoma anatazama mlango, kwa sababu mwisho wa kipande unamtaka Momade. Pikipiki ikasikika. Ikafunga breki nje. Momade akaingia kwenye uwazi wa pazia akikimbia, viatu vyeupe kwa vumbi, leso imemgeuka kifuani, akaiweka tarumbeta mdomoni na kuidaka sauti ya mwisho pamoja na wenzake wote. Hema likaripuka. Mke wa mwenyekiti akapiga vigelegele, nami nikampokea.

Sikukaa kula biskuti zao. Nilivua viatu nikakata kwa bondeni pekupeku.

Nilimkuta Mama amemaliza magharibi, amekaa kwenye mkeka, pale pale dirishani. Nikafungua mdomo nianze kuhadithia moja moja. Akaniinulia kiganja.

"Nimesikia," alisema.

Akaniambia yeye sasa. Kwamba aliisikia pikipiki ya Saíde ikasimama, akadhani mihogo. Kwamba hodi ile ya kwanza ilimwinua mpaka akasimama wima, kisha akakumbuka ana eda, akakaa. Kwamba Bi Fatima alikuwa anakuna nazi, na mbuzi ikanyamaza ghafla, na sauti yake ikatoka juu ya ukuta.

"Na wewe, Mama?" nikauliza.

"Mimi sikuimba. Nina eda." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Lakini hodi imebishwa nyumbani kwangu. Nilisema karibu. Kusema si kuimba."

Nilimkumbatia akanisukuma, eti nanuka marashi ya hemani.

Momade alikuja baadaye, amejikunja kama mtoto aliyevunja kitu. Alimwomba radhi Mama kama amevuka mpaka. Mama akamwambia amepiga vizuri sana, Baba yake angesimama mlangoni kusikiliza huku akijifanya anaranda ubao. Yule bwana mzima na suti yake akalia kwa kwikwi.

"Lakini umewaacha wageni ndani," Mama akasema.

Hakuelewa. Mama akamweleza kwamba wimbo ule una mwisho wake, mgeni aliyebisha hodi lazima aage. Watu wakishatoka harusini kikundi husimama langoni na kuimba kwa mdomo mtupu, bila matari, kumuaga mwenye mji. Kila mwanamke hapa anaujua mwisho huo. Ila hatukuwahi kufikiri kwamba Momade haujui. Saa hizo za kuaga, yeye na watoto wenzake walikuwa wameshabebwa mgongoni, wamelala fofofo.

Akamwita asogeze sikio, akampa maneno bila sauti ya wimbo. Nami nilikuwa karibu, niliyasikia.

Tunaondoka, hatuhami.

Momade aliyarudia mara nyingi, midomo ikitikisika juu ya ile alama ya duara. Aliuliza sauti yake inapanda au inashuka. Mama akasema hilo atamjibu eda ikiisha, aje na tarumbeta yake, na akiambiwa chombo hakina likizo aseme mama yake amekiombea.

Niliganda pale mlangoni. Atamjibu eda ikiisha! Nilihofia nikigusa maneno hayo yatavunjika.

Alfajiri gari lilimpitia. Alimbusu Mama mikono, akanikabidhi leso nyekundu nimrudishie mwenyewe, akaondoka. Nilidhani Mama atarudi kulala. Nikawasha moto nipike chai, mara nikasikia ananiita kutoka ndani.

"Zainabo. Lile tari langu, Bi Fatima hajaliuza?"

Nilikimbia mpaka nikajikwaa kizingitini. Bi Fatima alikuwa ameshalitoa chini ya kitanda, ameshalifuta vumbi, limekaa juu ya meza linangoja kuitwa. Alinipa tu kwa mikono miwili akasema, "Limelegea sana, maskini."

Limelegea kweli. Ndicho nilichokianika. Mama amesema lipigwe jua kila siku iliyobaki ya eda, lisilale nje, lisiguswe na umande. Ameniita tena sasa hivi kutoka dirishani: kivuli cha mpapai kimelifikia, silioni?

Nimelisogeza. Nikainama nikaweka sikio, nikaligonga kwa kidole kimoja, polepole, kama alivyokuwa akifanya Baba.

Bado halijaitika. Mama akasema kutoka ndani, "Ligonge tena."